Mkono Uliovunjika na Mkono Uliovunjwa: Dhidi ya Uasilia katika Hadithi za Jela

Utangulizi

Mnamo Januari 1954 Waruhiu Itote, aliyejulikana msituni kwa jina la Jenerali China, alitiwa mbaroni na majeshi ya serikali ya kikoloni akiwa na majeraha ya risasi. Alikuwa mzaliwa wa Kaheti, Mukurweini, katika Nyeri. Aliwahi kupigana Burma akiwa askari wa Mwingereza na kufanya kazi katika reli kabla ya kuingia msituni. Alihojiwa kwa muda mrefu na afisa wa polisi Ian Henderson, akashtakiwa, akahukumiwa kunyongwa, kisha hukumu hiyo ikabadilishwa na akapelekwa Lokitaung alikokuwa amefungwa Jomo Kenyatta. Kati ya risasi na hukumu Itote alifanya jambo lililozua mabishano ambayo hayajaisha: alikubali kuwaandikia wenzake waliobaki msituni, akiwataka wazungumze na serikali. Wako waliomwita msaliti. Wako waliomwona kuwa kiongozi aliyetaka kuokoa maisha ya watu wake. Yeye mwenyewe, katika kitabu chake Mau Mau General kilichotoka mwaka 1967, aliutetea uamuzi wake.

Kwa uhakiki wa fasihi, kauli ya mwisho kuhusu Itote si muhimu kama uwezekano wenyewe wa kuitoa. Mzee wa Mukurweini anaweza kumlaumu na mwingine akamtetea, kwa sababu wote wawili wanamchukulia kuwa mtu aliyeamua. Lau kisa hicho kingeandikwa kwa misingi ya uasilia, mabishano yangekwisha siku hiyo hiyo: mwili uliojeruhiwa uliumia, ukachoka, ukaandika barua. Asingekuwapo wa kulaumiwa, na kwa sababu hiyo asingekuwapo wa kusifiwa.

Makala haya yanapinga kauli iliyozoeleka katika madarasa ya fasihi na katika miongozo ya mitihani: kwamba uasilia ndio mtindo unaofaa zaidi kuisawiri jela, na kwamba hadithi ya jela hupimwa kwa wingi wa chawa, uvundo wa ndoo na damu iliyomwagika katika kurasa zake. Kauli hiyo inachanganya mambo mawili yaliyo mbali, na katika mchanganyiko huo inamfanyia mfungwa dhuluma ya pili baada ya ile ya bwana jela.

Jina na maana yake

Uasilia, kama ulivyoasisiwa nchini Ufaransa na Émile Zola katika nusu ya pili ya karne ya 19, haukuwa tu mazoea ya kueleza mambo machafu bila haya. Ulikuwa ni nadharia. Katika insha yake ya mwaka 1880 kuhusu riwaya ya majaribio, Zola alimtaka mwandishi afanye kazi kama daktari katika maabara: amtie mhusika katika mazingira fulani, amtazame bila kumhurumia wala kumhukumu, na aoneshe jinsi damu aliyoirithi na mahali alipokulia vinavyomsukuma hadi mwisho wake. Uhalisia hudai kwamba mambo ndivyo yalivyo. Uasilia huongeza dai zito zaidi, kwamba mambo hayangeweza kuwa vinginevyo.

Hapo ndipo kosa la wahakiki wengi linapoanzia. Wanapokutana na ukurasa unaotaja kunguni, uji wenye wadudu na wafungwa waliobanana kama magunia ghalani, hukimbilia jina: mtindo ni uasilia. Huo si uasilia bado. Huo ni undani wa hali, na undani wa hali ni mali ya kila msimulizi mwaminifu. Ivan Denisovich wa Alexander Solzhenitsyn, katika riwaya ya mwaka 1962, huuficha mkate wake, huutunza mjiko wake na kuyapanga matofali katika baridi kali. Hakuna kitu kidogo cha kambi kinachosahauliwa. Hata hivyo riwaya hiyo si ya kiasilia, kwa sababu kila kitu kidogo humo ni uwanja wa uamuzi: mtu atamba sahani ya mwenzake au hatalamba, atajenga ukuta ulionyooka au atalipua kazi.

Tofauti hii ingekuwa ya wataalamu tu kama isingekuwa na matokeo. Mhakiki anayemwambia mwanafunzi kwamba undani wa hali ni sawa na uasilia, humfundisha pia, bila kujua, kwamba aliyelala sakafuni na kunguni waliomo ukutani ni viumbe wa daraja moja, wote wakiongozwa na joto, njaa na hofu.

Kauli ya kutendeka

Kiswahili kina njia yake ya kuliweka tatizo hili wazi, na ni ajabu kwamba wahakiki wa Kiswahili hawajaitumia. Kitenzi kimoja cha lugha hii huweza kusema "inspekta alivunja mkono", "mkono ulivunjwa" na "mkono ulivunjika". Katika kauli ya kutenda, mtenda anasimama mbele ya macho ya wote. Katika kauli ya kutendwa, mtenda amejificha, lakini sarufi yenyewe inaungama kwamba yupo. Msomaji ana haki ya kuuliza: na nani? Katika kauli ya kutendeka, swali hilo halina mahali pa kusimama. Mkono umevunjika kama tawi linavyovunjika. Hakuna aliyefanya, imekuwa.

Uasilia ni fasihi iliyoandikwa kwa kauli ya kutendeka. Hata pale vitenzi vyake vinapokuwa vya kutenda, msuko wake wote huelekea huko: milango hufunguka, watu hulegea, nia huvunjika, siri hufichuka. Nguvu zinazofanya kazi hazina jina wala cheo. Ni mazingira, ni urithi, ni maumbile.

Ilhali jela ni mahali pasipo na tendo lisilo na mtenda. Mlango wa seli haujifungi. Chakula hakipungui chenyewe. Kuna aliyekipunguza na kuna aliyetia sahihi kwamba kilitosha. Lugha yenyewe inalijua hilo. Mtu aliyetiwa ndani huitwa mfungwa, neno lililojengwa juu ya kitenzi cha kutendwa: ni mtu aliyefungwa, na palipo na aliyefungwa pana aliyefunga. Kiswahili hakikumwita mfungika. Mwandishi anayeandika jela kwa kauli ya kutendeka anaandika kinyume cha neno la kwanza kabisa la maudhui yake.

Madai haya yana ushahidi nje ya vitabu vya hadithi, tena wa kuogofya. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali haikusema hivyo. Ilieleza kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Jua, kiu, maji, mwili: sentensi hiyo ingeweza kutoka katika riwaya yoyote ya kiasilia. Ilihitaji uchunguzi wa maiti na maswali makali katika Bunge la Uingereza ili "walikufa" igeuke kuwa "waliuawa".

Miaka zaidi ya 40 baadaye, katika nchi huru na katika Nyeri hiyo hiyo, wafungwa sita waliokuwa wamehukumiwa kifo walikufa katika gereza la King'ong'o mnamo Septemba 2000. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba walianguka walipokuwa wakijaribu kutoroka. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kwenye vipigo. Kati ya "walianguka" na "waliangushwa" kuna silabi chache tu, lakini katika silabi hizo ndimo haki yote ya wafu imelazwa. Mhakiki anayewafundisha vijana wa Mukurweini kulistahi lile neno la kwanza kuwa ndilo kilele cha ukweli wa kisanaa, hana budi aulizwe anawafundisha kumwamini nani.

Kitabu cha mwindaji

Itajibiwa kwamba uasilia ni sauti ya wanyonge, kwamba ulikuja kuwatetea wale ambao fasihi ya adabu haikuwataja. Katika Paris ya Zola jibu hilo lina uzito. Katika Nyeri historia yake ni nyingine. Mtindo wa kumsawiri Mwafrika aliyefungwa au anayewindwa kuwa kiumbe cha mazingira haukuanza na mfungwa aliyetaka kujitetea. Ulianza na waliomfunga.

Mwaka 1954, mwaka aliokamatwa Itote, ndipo serikali ya koloni ilipochapisha maandishi ya daktari J. C. Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Carothers, aliyewahi kusimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliueleza uasi kwa kutazama akili iliyoyumba kati ya mila iliyovunjika na usasa usioshikika. Ardhi iliyochukuliwa na kura iliyonyimwa zilififia nyuma ya maelezo ya nafsi zilizougua. Mwaka 1958 Henderson naye, pamoja na Philip Goodhart, alitoa kitabu juu ya kusakwa kwa Dedan Kimathi. Toleo la London liliitwa The Hunt for Kimathi, na jina hilo limekwisha kusema yote: ni uwindaji. Wapiganaji wanasawiriwa kwa harufu yao, kwa kusikia kwao kulikonolewa na msitu, kwa miili yao iliyoota tabia za wanyama. Ni usawiri makini na hodari, wenye kila sifa ambayo uhakiki wa kiasilia huihimidi. Na Kimathi, aliyesawiriwa hivyo, alikuwa amekwisha kunyongwa tarehe 18 Februari 1957 katika gereza la Kamiti.

Haidaiwi hapa kwamba kila anayeandika kwa uasilia ni mjukuu wa Henderson. Linalodaiwa ni kwamba mtindo hauji mikono mitupu. Ulipofika katika matuta ya Mukurweini, ambako watu walikuwa wakihamishwa kwa nguvu kutoka mashambani mwao na kurundikwa katika vijiji vya hali ya hatari, ulifika ukiwa tayari umeajiriwa.

Waliojibu walijibu kwa namna nyingine. Gakaara wa Wanjaũ wa Karatina alikamatwa Oktoba 1952 na kukaa kizuizini kwa miaka ya 1950 karibu yote, Kisiwa cha Manda kikiwa miongoni mwa alikopelekwa. Kitabu alichokitoa kwa Kikuyu mwaka 1983 kutokana na kumbukumbu za kizuizini, na kilichopata Tuzo ya Noma mwaka 1984, kina njaa na magonjwa ya kutosha. Lakini kiini chake ni majina, tarehe, mashauri na mabishano ya watu waliokuwa wakijitawala ndani ya waya. J. M. Kariuki, katika Mau Mau Detainee cha mwaka 1963, alionesha wafungwa wakiunda kamati, wakifundishana kusoma na kuandika, wakituma barua za malalamiko kwa wabunge wa Uingereza. Vitabu hivi ni kumbukumbu wala si riwaya, na yuko atakayesema havihusiki. Vinahusika, kwa sababu riwaya ya jela nchini Kenya imezaliwa katika nyumba hiyo hiyo ya kumbukumbu.

Riwaya zenyewe

Twaa kwanza riwaya iliyo maarufu kuliko zote zilizotungwa katika jela ya Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwisho wa mwaka 1977 na kuachiliwa Desemba 1978; humo Kamiti aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ juu ya karatasi za chooni, ikachapishwa mwaka 1980 na kusomwa kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Kama nadharia ya uasilia ingekuwa kweli, kwamba mwandishi na mhusika ni mazao ya mahali walipo, riwaya hiyo ingepaswa kunuka seli kutoka jalada hadi jalada. Badala yake ina karamu ya wezi na wanyang'anyi wanaoshindana kujisifu, ina Shetani, ina kicheko cha ngano. Riwaya iliyoandikwa juu ya karatasi ya chooni haikuandika habari za choo. Hilo pekee lingetosha kuwanyamazisha wanaodai kwamba ukweli wa jela hauna mtindo mwingine.

Twaa pili John Kiriamiti, wa Murang'a ng'ambo tu ya mpaka wa Nyeri, ambaye My Life in Crime yake, iliyotoka mwaka 1984, ilisomwa na vijana wengi kuliko vitabu vilivyowekwa darasani. Wahakiki wameipa jina la uasilia kwa sababu ina risasi, pombe na mahabusu. Kwa kweli hakuna kitabu kinachoupinga zaidi. Kiriamiti alikuwa mtoto wa walimu. Alipata nafasi katika shule iliyotamaniwa na wengi. Urithi na mazingira, kwa hesabu ya Zola, vingetoa karani au mwalimu mwingine. Vilitoa mnyang'anyi aliyehukumiwa miaka 20 na viboko. Msimulizi wake hajitetei kwa umaskini. Anajigamba, anajuta, anajigamba tena. Anayesoma anakereka, na kukereka huko ni ushahidi kwamba anamsikiliza mtu mwenye hiari.

Kisha kuna Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri, aliyefariki mwaka 2003. Mwaka 1986 alikamatwa katika msako wa Mwakenya, akapitia vyumba vya Nyayo House, akafungwa. Kutokana na tajriba hiyo zilitoka Three Days on the Cross mwaka 1991 na Jail Bugs mwaka 1992. Huyu ndiye aliyeonewa zaidi na jina la uasilia, maana riwaya ya kwanza imejaa mateso na ya pili imewataja wadudu katika jina lake.

Katika Three Days on the Cross watu wawili, Chipota na Momodu, wanakamatwa kwa tuhuma za kuwa wafuasi wa vuguvugu la siri dhidi ya mtawala. Mateso yao yameelezwa bila kufunikwa. Lakini itazamwe jinsi yalivyopangwa. Jina la riwaya linatoka katika Injili, na hakuna kitabu kinachomtaka msomaji aulize "na nani?" kuliko kisa cha msalaba: kina liwali aliyenawa mikono, makuhani walioshitaki, mwanafunzi aliyeuza, askari waliogawana nguo. Mutahi hakuchagua msalaba kwa ajili ya misumari. Aliuchagua kwa sababu ya safu ndefu ya watu ambao kila mmoja alifanya sehemu yake ndogo akasema si yeye. Maumivu ya Chipota na Momodu yana ofisi, yana vyeo, yana mtu wa juu anayengojea ripoti.

Na Jail Bugs? Hapo Mutahi, aliyewachekesha Wakenya kwa miaka mingi katika safu yake ya gazetini, anacheka. Uasilia haujui kucheka, kwa kuwa daktari aliye maabara hachekeshwi na kielelezo chake, na kielelezo hakijui kwamba kinachekesha. Anayecheka ndani ya seli amejitenga hatua moja na hali yake, na katika hatua hiyo moja nadharia nzima ya uasilia inaporomoka. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Anaposikia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, hajikuni, anatazama jirani. Tangu zamani mdudu wa nguoni katika lugha hii amekuwa mtu. Mhakiki anayewahesabu wadudu wa Mutahi na kuishia hapo, ameisoma methali akaenda kufua nguo.

Pwani na visiwani hali ni hiyo hiyo. Haini ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 2003, ina mizizi katika ukamataji uliofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani. Hamza anateswa, na riwaya haimhurumii msomaji kwa kumficha hayo. Lakini jina lake ni Haini, yaani ni shtaka, na shtaka lina mshitaki. Riwaya nzima inaning'inia juu ya neno ambalo mtu fulani alilitamka juu ya mtu mwingine. Maumbile hayawezi kumwita mtu haini.

Utetezi wa uasilia na jibu lake

Wako watetezi wa uasilia wenye hoja za kuheshimiwa, na haifai kuzipuuza.

Husemwa kwanza kwamba bila uasilia fasihi ya shule ingebaki na jela safi, ambamo shujaa huimba na mlango ukafunguliwa. Ni kweli. Kinyaa kina kazi yake, na waliothubutu kuiandika ndoo ya choo walivunja uongo wa adabu. Lakini kazi hiyo ilifanywa na undani wa hali. Itikadi iliyouvamia baadaye haikuongeza kitu ila kukata tamaa.

Husemwa pili kwamba mwili una kikomo, kwamba hakuna falsafa ya hiari inayoweza kusimama mbele ya maji baridi, giza na kipigo, na kwamba kusema vinginevyo ni kuwatukana walioungama. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Kati ya mwaka 1986 na 1988 watuhumiwa wa Mwakenya walipandishwa kizimbani Nairobi mmoja baada ya mwingine, wengi bila wakili, wakakiri makosa, wakafungwa. Nani atathubutu kuwaambia kwamba walichagua? Makala haya hayathubutu. Lakini yako majibu mawili yasiyo ya kweli, wala si moja. La kwanza ni kwamba walichagua kwa uhuru. Hilo ndilo jibu la mahakama zilizowafunga. La pili ni kwamba maungamo yaliwatoka kama jasho linavyomtoka mtu juani. Hilo ndilo jibu la uasilia. Yote mawili yanamwacha aliyeshika mpira wa maji aende nyumbani kwake salama. Ukweli ni kwamba walikirishwa. Hiari yao ilivunjwa, haikuvunjika. Anayevunja hiari ya mtu anathibitisha kwamba ilikuwapo, na ndiyo maana alihitaji siku nyingi, vyumba vya chini ya ardhi na watu wa zamu.

Hata riwaya kuu ya kiasilia iliyoishia katika seli inaitikia jambo hili. Katika Native Son ya Richard Wright, ya mwaka 1940, wakili anaiambia mahakama ya Chicago kwamba Bigger Thomas ni zao la mtaa na ubaguzi uliomlea. Utetezi huo una huruma na una ukweli mwingi. Lakini katika seli, akingojea kifo, Bigger anamtia hofu wakili wake kwa kukataa kuwa zao tu. Anataka matendo yake yawe yake, hata yaliyo maovu. Wright aliijenga nyumba ya uasilia kwa ustadi mkubwa, kisha mfungwa wake akatoka nje ya mlango.

Yuko shahidi mkubwa zaidi, naye ni Zola mwenyewe. Alfred Dreyfus, afisa wa jeshi la Ufaransa aliyehukumiwa kwa uongo kuwa mhaini, alikuwa amefungwa katika Kisiwa cha Shetani. Mwandishi aliyetumia maisha yake kufundisha kwamba watu huendeshwa na damu na mazingira, alifika sasa mbele ya mfungwa wa kweli. Hakuandika juu ya joto la kisiwa, wala homa, wala pingu za kitandani. Tarehe 13 Januari 1898 alichapisha katika gazeti la L'Aurore barua ya wazi kwa Rais, na mwishoni mwake akawashitaki maafisa kwa majina na vyeo vyao, mmoja baada ya mwingine, akijua kwamba atashitakiwa yeye. Alipatikana na hatia, akakimbilia Uingereza. Mwasisi wa uasilia, jela ilipokuwa ya kweli, aliutupa uasilia akashika kauli ya kutenda. Wanafunzi wake wa Afrika Mashariki hawana sababu ya kuwa waasilia kumshinda.

Hitimisho

Wakati wa hali ya hatari Nyeri ilikuwa na kambi za kazi, zikiwamo za Mweru na Aguthi. Waya ziliondolewa, na mahali hapo pakageuzwa kuwa shule za upili. Leo katika kaunti hiyo kijana anaweza kusoma hadithi ya jela ndani ya uzio uliokuwa wa jela, na kuulizwa katika mtihani ataje sifa tano za uasilia zinazojitokeza. Ataandika: uchafu, njaa, maradhi, ukatili, kukata tamaa. Atapata alama zote tano, na hataulizwa nani aliyeamuru.

Nyanya yake angejua. Wazee wa Kenya walipoipeleka serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London kwa mateso ya kambini, yaliyotiliwa nguvu na nyaraka zilizokuwa zimefichwa na kufichuliwa mwaka 2011, hawakushinda kwa kueleza maumivu peke yake. Uzito ulikuwa katika barua na ripoti zilizoonesha nani alijua, nani aliruhusu na nani alinyamaza. Mwezi wa Juni 2013 serikali hiyo ilitangaza majuto yake na fidia kwa watu zaidi ya 5,000. Wazee hao, wengi wao bila kusoma nadharia yoyote, waliufanya uhakiki ambao idara za fasihi zimeshindwa kuufanya: waliigeuza "tuliumia" kuwa "tuliumizwa", kisha wakamtaja aliyeumiza.

Uhakiki wa hadithi za jela hauna budi kuanza upya hapo. Waandishi wasiache kuwaandika chawa. Chawa ni wa kweli. Lakini kila inapotajwa seli, mhakiki autafute ufunguo na mkono ulioushika. Na kila linapotajwa neno la kukiri, amtafute yule ambaye, katika chumba hicho hicho na chini ya kipigo hicho hicho, alinyamaza, na yule aliyesema kisha akaishi na alichokisema. Kazi inayoyapa maswali hayo majibu ni fasihi ya jela, iwe imeandikwa kwa kinyaa, kwa kicheko au kwa ngano. Isiyoyapa ni ripoti ya bwana jela iliyonakiliwa kwa mwandiko mzuri.